Kinanda Ulichokipinda Kimegoma: Dalili, Chanzo na Dawa

Fundi wa redio hutumia maisha yake kuondoa shoti. Sisi wapindaji wa saketi tunaziweka kwa makusudi. Tunafungua kinanda cha plastiki, tunaunganisha sehemu mbili za bodi ambazo mtengenezaji hakukusudia zikutane (muunganisho huo ndio tunauita mpindo), kisha tunatega sikio. Ndiyo maana kinanda chetu kikigoma, kutafuta ugonjwa ni kazi ngumu kuliko ya fundi: lazima kwanza ujue kama hitilafu ni ile uliyoitaka, ile uliyoileta bila kujua, au ile iliyokuwemo tangu mwanzo.

Nayaandika haya kwa anayetaka kupiga muziki. Kelele za kushangaza hupatikana kirahisi, hata mtoto na kipande cha waya atazipata. Kazi iko kwenye kuzipata tena. Mpindo usioweza kuuita kesho jioni mbele ya watu bado si sehemu ya ala, na malalamiko mengi ninayoyasikia, ukiyafuatilia hadi kwenye mzizi, yanaishia hapo hapo.

Mambo mawili kabla ya dalili. La kwanza, betri tu. Usipinde chochote kilichochomekwa ukutani, hata kwa adapta, mpaka kazi imalizike na kifuniko kimefungwa. Reed Ghazala, Mmarekani aliyeuanzisha ufundi huu miaka ya 1960 baada ya kikuza sauti chake kidogo kupiga shoti ndani ya saraka ya meza, alikuwa na kifaa cha betri. Kingekuwa cha umeme wa nyumba, huenda habari ingeishia kwenye saraka. La pili, kabla hujachukua bisibisi, piga kila kibonye, kila sauti na kila mdundo, huku unarekodi kwa simu. Niliwahi kupoteza Jumamosi nzima nikitafuta mpindo ulioua Fa moja ya katikati, kumbe kibonye kile kilikuwa bubu tangu siku niliyokileta kinanda nyumbani.

Hakiwaki kabisa

Hapa usipoteze muda kwenye mipindo. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC (umeme wa aina ya betri), upande hasi wa mita ukiwa kwenye hasi ya betri, na ufuate umeme kuanzia springi za betri hadi kwenye chipu, ubongo wa kinanda. Mara nyingi utakuta waya mwekundu au mweusi wa kisanduku cha betri umekatika ulipofungua kifuniko, au kutu ya kijani kwenye springi. Kama ulitumia adapta, angalia chanya na hasi zake: vinanda vingi vya zamani vya Casio vina hasi katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za leo. Umeme ukifika kwenye chipu na bado kimya, ondoa mipindo yote, siyo nusu yake, halafu ujaribu tena.

Kinawaka, lakini ukigusa mpindo kinaganda

Sauti moja inang'ang'ania bila kukoma, vibonye havijibu, hata kitufe cha kuzima hakisikii. Kwa mara ya kwanza inatisha, ila ni ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Kuna njia tatu za kufika hapo, na dawa zake hazifanani.

Njia ya kwanza ni njaa ya umeme. Mpindo unavuta mkondo mkubwa, volti zinaporomoka kwa nukta ya sekunde, na chipu inapotea njia. Pima volti kwenye pini za umeme za chipu huku ukigusa mpindo. Zikishuka kutoka 5 hadi 3 na kitu, umempata mwizi. Betri zilizochoka huzidisha tatizo, na hata betri za kuchaji ni za kutazama kwa jicho la pili: seli moja ni volti 1.2, si 1.5, kwa hiyo kinanda cha seli 5 kilichozoea 7.5 kinapewa 6 tu. Weka betri mpya kwanza. Kapasita, kijisehemu kinachotunza umeme kidogo, ya mikrofaradi 220 au 470 kati ya chanya na hasi, karibu na chipu, husaidia kwa mishtuko mifupi. Lakini ikiwa mpindo wako unaunganisha moja kwa moja njia ya umeme na hasi, hakuna kapasita itakayouponya. Huo si mpindo, ni ajali. Uondoe.

Njia ya pili ni data iliyovurugika. Volti hazitikisiki, ila processa, yaani chipu kuu inayoendesha programu, imesoma takataka na kwenda mahali pasipo na programu. Chipu haijaumia hata kidogo. Dawa ni kupunguza ukali: badala ya waya mtupu, weka rezista, kijisehemu kinachobana mkondo na hupimwa kwa omu, ya kati ya omu 100 na kiloomu 1 ndani ya mpindo. Anza na kiloomu 1. Mpindo usipolia, teremka. Mipindo yangu inayodumu karibu yote ina rezista ndani yake, na ile michache isiyo nayo ndiyo inayonitia aibu.

Njia ya tatu ndiyo ya kuogopa. Ukiipa pini ya chipu volti zinazozidi umeme wake wenyewe, au zilizo chini ya hasi, mkondo unaweza kufunguka ndani ya chipu na ukakataa kujifunga mpaka umeme ukatwe. Dalili yake ni joto. Weka kidole juu ya chipu: ikiwa ni ya moto na kinanda kimeganda, toa betri sasa hivi, si baada ya kumaliza sentensi hii. Hutokea zaidi pale unapounganisha sehemu ya kikuza sauti, yenye volti zote za betri, na sehemu ya kidijitali yenye volti 5 au 3. Ndiyo sababu eneo la kikuza sauti na kapasita kubwa silipindi kabisa. Halina muziki wa kutosha kulipia hatari yake.

Kwa njia zote tatu, kinanda kilichopindwa kinahitaji swichi ya kukata umeme. Vinanda vingi vinavyojizima vyenyewe havikati umeme unapobonyeza kitufe cha kuzima. Kitufe kinamwomba tu processa azime, na processa aliyeganda hasikii ombi la mtu. Kata waya chanya wa betri, weka kitufe cha aina inayopitisha umeme wakati wote na kuukata kinapobonyezwa. Kibonyeze kwa sekunde mbili tatu, maana kapasita kubwa hushikilia umeme kidogo hata baada ya betri kuondoka. Ukiwa jukwaani kitufe hiki ni rafiki kuliko mpindo wowote.

Mpindo uliolia jana, leo haulii

Angalia kwanza uliupata vipi. Kama ulikuwa unagusa bodi kwa vidole, basi wewe mwenyewe ulikuwa rezista. Ngozi kavu inaweza kuwa na mamia ya kiloomu au zaidi, na ngozi yenye jasho hushuka sana. Waya mtupu hauwezi kukupa sauti ile. Weka potenshiomita, yaani rezista ya kuzungusha, ya megaomu 1 mahali pa kidole, zungusha taratibu mpaka sauti irudi, kisha uitoe bila kuigusa tena na upime. Namba unayoisoma ndiyo rezista ya kulehemu.

Kama uliupata kwa waya, tatizo huwa ni mpangilio. Mpindo kwenye njia za data, zinazobeba mazungumzo kati ya processa na kumbukumbu, hauna sauti yake yenyewe. Unaharibu kile kinachopita wakati ule. Sauti namba 3 ikiwa imechaguliwa, zinapita data hizi. Namba 7, data nyingine. Kuandika "unganisha pini 4 na pini 9" hakutoshi. Andika pia sauti iliyochaguliwa, mdundo, kibonye ulichoshika, na kama uligusa mpindo kabla au baada ya kuchagua sauti.

Hilo la kabla au baada ndilo lililobadilisha upigaji wangu. Vinanda vingi husoma maelezo ya sauti mara moja tu, pale unapoichagua. Ukigusa mpindo katikati ya noti, unavuruga chochote kinachopita, na kwa kuwa mguso wa kitufe hurukaruka mara kadhaa ndani ya milisekunde chache kabla ya kutulia, hakuna miguso miwili inayofanana. Geuza utaratibu: washa mpindo, chagua sauti, zima mpindo, halafu piga. Sauti iliyoharibika inabaki kwenye kumbukumbu ya chipu na unaipiga kama sauti nyingine yoyote, noti kwa noti, mpaka uchague nyingine. Haitatoka ileile kila mara, lakini itatulia muda wa kutosha kupiga wimbo mzima. Kwa mpindo wa aina hii tumia swichi inayobaki ilipowekwa, siyo kitufe kinachoachia ukikiachia, ili mikono yote miwili iwe huru.

Kama kinanda chako hakina njia za data za kupinda, usijilaumu. Casio SK-1 ya katikati ya miaka ya 1980 inapendwa kwa sababu chipu zake zimetengana na miguu yake inaonekana. Vinanda vingi vya bei ya chini vilivyokuja baadaye vimefichwa vyote chini ya tone moja jeusi la gundi ngumu, na mazungumzo kati ya processa na kumbukumbu hayatoki nje ya tone hilo. Hapo kilichobaki ni mapigo ya chipu na vibonye, ambavyo navyo vina utajiri wake.

Kimo cha sauti hakitulii

Hapa ndipo wengi wanapoanzia na ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kinanda kina osileta inayopiga mapigo, na kila kitu kinafuata mapigo hayo: kimo cha noti, mwendo wa mdundo, hata kasi ya kukagua vibonye. Ukipunguza mapigo, vyote vinashuka pamoja. Basi usishangae noti zikianza kuchelewa chini ya vidole unapoteremka sana. Si kosa la vibonye.

Kwanza tambua osileta ya aina gani. Kama ni rezista na kapasita, uko kwenye neema: ukigusa ncha mbili za rezista ile kwa vidole, sauti inapanda. Kama ni kijisehemu cha seramiki chenye miguu miwili au mitatu, kugusa hakufanyi kitu cha maana au kunagandisha kabisa. Koili nayo hutokea kwenye vinanda vya zamani.

Kwa rezista, kosa kubwa ni kuweka potenshiomita ya megaomu 1 kwa tamaa ya kupata vyote. Mapigo hufuata kinyume cha rezista: omu mara mbili, sauti chini oktavu moja. Tuseme rezista ya asili ni kiloomu 100, ukaiondoa na kuweka kiloomu 47 ya kudumu pamoja na potenshiomita ya megaomu 1. Kutoka oktavu ya juu hadi kimo cha asili ni kiloomu 53 tu, yaani kama asilimia 5 ya mzunguko. Upana wa unywele unakupeleka kutoka Do hadi Sol. Badilisha potenshiomita iwe ya kiloomu 100: sasa unapanda takriban nusu toni 13 na kushuka karibu 7, na mkono unaweza kulenga. Kiloomu 47 ile ya kudumu ina kazi ya pili pia. Bila hiyo, potenshiomita ikifika sifuri mapigo yanakimbia kuliko chipu inavyomudu, na unarudi kwenye ugonjwa wa kuganda.

Kinaganda ukiwa unazungusha, si mwishoni bali popote pale? Potenshiomita ni chafu. Ulimi wake wa ndani unaachia kwa nukta ndogo, njia inakatika, mapigo yanasimama. Unganisha mguu wa katikati na ule wa pembeni usiotumika. Ulimi ukiachia, kinanda kitaona kiloomu zote badala ya pengo. Kosa hilohilo hujificha kwenye swichi ya kurudisha kimo cha asili, kwani swichi nyingi huachia upande mmoja kabla ya kushika mwingine. Lehemu rezista ya megaomu 1 moja kwa moja kwenye sehemu mbili za osileta na uiache hapo daima, ili mapigo yapungue tu na yasife. Ndiyo, itapandisha kimo kidogo, hata upande wa kimo cha asili: hapo kiloomu 100 iongezwe iwe karibu 111. Upande mwingine rekebisha kwa potenshiomita.

Na swichi hiyo ya kurudisha kimo cha asili, iweke. Ukipiga na mwenzako mwenye gitaa, La yako inatakiwa iwe hezi 440 kama yake, na hakuna anayeipata kwa kuzungusha gizani.

Sauti inayoyumba mkono ukikaribia ina chanzo kingine: waya mrefu. Sehemu ya osileta inahisi hata kapasita ndogo ya mwili wako. Fupisha waya hadi sentimita chache, sogeza potenshiomita karibu na bodi, na weka ile rezista ya kudumu upande wa bodi, siyo upande wa potenshiomita. Sauti inayoshuka polepole jioni nzima ni betri tu, kwani osileta za rezista hubadilika volti zikibadilika. Ile ya seramiki haiyumbi hivyo.

Kwa osileta ya seramiki, wengi hutumia chipu ndogo iitwayo LTC1799 kutoa mapigo mapya. Ondoa seramiki na uingize mapigo kwenye moja ya pini mbili za processa ilizokuwa imeshikana nazo, kupitia rezista ya kiloomu 1. Ikikataa, jaribu pini ya pili. Ikikataa kote, kagua mambo mawili. Chipu hii huishi kati ya volti 2.7 na 5.5, kwa hiyo ukiilisha moja kwa moja kutoka seli 4 mpya, volti 6 na zaidi, umeipita. Ipe umeme uleule wa processa. Halafu pini yake ya kugawanya: ikiwa kwenye hasi haigawanyi, ikiachwa wazi inagawanya kwa 10, ikiwa kwenye chanya kwa 100. Mpindaji mmoja alinionyesha kinanda "kilichokufa" ambacho kilikuwa hai kabisa, kikitambaa kwa mapigo mara 10 chini ya yaliyotakiwa, kwa sababu pini ile ilikuwa hewani. Kwa kinanda cha megahezi 4, pini iwe kwenye hasi na rezista inayopanga mapigo ya LTC1799 iwe karibu kiloomu 25. Kiloomu 12 ya kudumu pamoja na potenshiomita ya kiloomu 50 itakupa kutoka megahezi 1.6 hivi hadi 8.3.

Vibonye vingine bubu, vingine vinalia bila kubonyezwa

Vibonye havina waya mmoja mmoja. Vimepangwa kwenye gridi ya mistari na safu. Mistari 8 na safu 8 hutosha vibonye 64. Kwa hiyo angalia sura ya ukimya. Kibonye kimoja bubu ni mpira mchafu: safisha mpira na kaboni ya bodi kwa pamba na pombe ya isopropili, bila kukwangua. Vibonye kadhaa vinavyofuatana, au vinavyopishana kwa nafasi sawa, ni mstari uliokatika, na mara nyingi ni kwenye utepe wa waya ulioukunja ulipokuwa unafungua.

Noti ya mzimu inayotokea ukishika vibonye vitatu ina maana daodi, kijisehemu kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, imekufa kwa kupiga shoti, au haikuwekwa tangu kiwandani. Kama wewe ndiye uliyeongeza vitufe kwenye gridi, kila kimoja kipe daodi yake, 1N4148 inatosha, ikielekea upande ulio sawa na za jirani zake. Na ukiwa hapo, jaribu makutano ya mistari na safu yasiyo na kibonye. Chipu moja ilitumiwa kwenye modeli kadhaa, na wakati mwingine midundo ambayo kinanda chako "hakina" imo ndani, imenyimwa kitufe tu.

Jeki inavuma, au inanyamazisha spika

Umeweka jeki ya kutolea sauti, umeichukua kwenye waya za spika, ukaunganisha mmoja na ardhi (hasi) ya mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, na kikuza sauti cha kinanda kikachemka. Pima volti za DC kati ya kila waya wa spika na hasi ya betri. Zote mbili zikionyesha karibu nusu ya umeme, hakuna iliyo hasi, na jeki yako imepiga shoti kikuza sauti. Chukua sauti kwenye mguu wa kati wa potenshiomita ya voliumu, ipite kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10 na rezista ya kiloomu 1, na hasi ya jeki iende kwenye hasi ya bodi.

Mvumo unaotoweka ukitumia betri ni wa adapta. Piga kwa betri, basi.

Mpindo unakufa ukitikisa kinanda

Ni lehemu. Bodi za bei nafuu huachia shaba yake zikipata joto zaidi ya sekunde tatu, na waya mzito ukivutwa unaing'oa. Tumia waya mwembamba wa nyuzi nyingi na uushike kwa gundi ya moto sentimita moja kabla ya kiungo. Shaba ikishang'oka, fuata njia yake hadi sehemu inayofuata na ulehemu hapo.

Kimya baada ya kujaribu vyote

Umeondoa mipindo, umeme unafika, spika inatoa mlio ukiipa betri kwa nukta. Chukua redio ya AM, itegee mahali pasipo na stesheni na uisogeze juu ya bodi. Chipu iliyo hai hutoa mchakacho wa kelele redioni, na kelele hizo hubadilika ukibonyeza vibonye. Ukizisikia, chipu inafanya kazi na kosa liko kati yake na spika. Rudi kwenye kikuza sauti. Usipozisikia na osileta iko sawa, chipu imekwenda. Ng'oa spika, vibonye na kisanduku cha betri, viandike jina la kinanda vilikotoka, na uvihifadhi kwa ajili ya kinachofuata.